Upendo Uliotiwa Kufuli

Kijijini kwetu, ukitoka Lipingo ukaufuata ufukwe mpaka miguu ianze kukulalamikia, hatukuwahi kuwa na mtu mchoyo. Mzee wetu wa kanisa alilisema hilo kila Jumapili, tena kwa sauti kubwa, nadhani ili uchoyo ukisikia uogope kuja. "Sisi ni mawakili tu!" alisema, na mkono wake ukazunguka kanisa zima pamoja na popo walioko darini. "Mashamba si yetu. Ziwa si letu. Samaki si wetu. Vyote ni vya Bwana, sisi tunatunza." Nasi tukaitikia amina ya kutikisa makuti. Kisha tukatoka nje, kila mtu akakimbilia kuwahi sehemu yenye kivuli.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya yule mjane maskini aliyetoa sadaka yake ya mwisho. Aliihubiri wakati wa kupanda, akaihubiri wakati wa kuvuna, na mwaka mmoja aliihubiri hata kwenye harusi. Sikumbuki siku aliyohubiri juu ya mjane aliyepewa kitu. Labda ukurasa huo kwenye kitabu chake ulikuwa umeliwa na mchwa.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na ambaye hakuna shule iliyomwita. Sikuvunjika moyo. Niliona wamechelewa tu, maana gari la kutoka Mbinga lilikuwa linachelewa kwa kila mtu, iweje bahati yangu ndiyo iwahi? Nilikuwa nimeshaamua kazi yangu ya baadaye: kusoma taarifa ya habari redioni. Redio kijijini ilikuwa moja, ya mzee wa kanisa mwenyewe, na jioni nilikuwa nakaa chini ya dirisha lake nikijifunza namna wanavyovuta pumzi kabla ya jambo zito. Asubuhi yake nilikuwa nawasomea bata wa mama habari za dunia. Walinisikiliza vizuri sana, kuliko wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, ambao walikuwa wananiita mwalimu mbele yangu na kasuku nikigeuka.

Ila mapema asubuhi kabisa, kabla ya bata na kabla ya dunia, nilikuwa navuta kamba.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya wale waliozaliwa mbali na maji. Kwetu wavu mkubwa hupakiwa kwenye mtumbwi, wanaume wakaupeleka ziwani, wakauzungusha kama mtu anayezungusha mkono kiunoni kwa mchumba, kisha wakaileta ncha moja ya kamba huku na nyingine kule. Hapo ndipo sisi wa nchi kavu tunapoingia kazini: watu upande huu, watu upande ule, mnavuta, mnavuta, mpaka wavu unatambaa mchangani na tumbo lake linarukaruka samaki. Nahodha wa wavu wetu alikuwa mjomba wangu, mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo hayafai kuandikwa.

Sasa kulikuwa na desturi. Yeyote aliyeshika kamba ana samaki wake. Yeyote. Ukishika umeshika; hakuna aliyekuja kupima umevuta kwa nguvu gani. Wako waliovuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wako walioishika kamba kama wanashika mkono wa maiti. Wote wavutaji. Samaki wakishatoka, mjomba alikuwa anapita na kapu kuifuata kamba, mkono hadi mkono, anakupa wako, nawe ndipo unaiachia. Mkono wa mwisho ukishaachia, kamba inakunjwa, wavu unarudi mtumbwini. Kumpokonya mtu kamba kabla hajapewa kilikuwa kitu kisichofanyika. Wazee walisema wavu uliopokonyewa kamba utavua matope mpaka uoze. Sisi tulikuwa Wakristo, tumebatizwa na kuwekewa mikono na askofu, imani za namna hiyo hatukuwa nazo hata kidogo. Hatukuwahi kujaribu, basi.

Na katika watu wa kamba alikuwapo bibi mmoja. Hakuwa bibi yangu wa damu, alikuwa bibi wa kijiji kizima, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho karibu na matete. Mwanawe wa kiume alikwenda kusini migodini, na huko migodini wakaamua kubaki naye. Binti yake aliolewa Ngumbo, na alikuwa na watoto wa kutosha kumzuia asiende popote. Zamani bibi alikuwa anapanda mlima mpaka Maguu na kapu la usipa mkavu kichwani, wale dagaa wa ziwani kwetu, akirudi na maharage ya Wamatengo, na bado alikuwa anatusimulia mlima ule kama mtu anayemsema mke mwenza. Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Lakini kila alfajiri alishuka ufukweni na kaniki yake, akaweka vidole viwili kwenye kamba, viwili tu, kama anayepima joto la uji, kisha akafanya kazi aliyoiweza kuliko sisi sote, yaani kutusema.

"Wewe kijana, unavuta kamba au unaibembeleza ilale?"

"Navuta, bibi!"

"Kama ndivyo unavyovuta, mkeo naye ulimvutaje mpaka akaingia ndani?"

Watu walicheka, na watu wakicheka wavu unakuja haraka, hilo mjomba alilijua. Mwisho bibi alipata samaki wake kama sisi, akamchukua bila kusema asante. Asante ya nini? Alikuwa ameshika kamba.

Ndipo kikaja kijiji cha ujamaa. Watu waliokaa mmoja mmoja huko juu kwenye mikunjo ya milima waliletwa kushuka, nyumba zikapangwa mstari kama watoto wa shule asubuhi, na wavu wa mjomba na ndugu zake ukawa wavu wa kijiji. Mjomba alifurahi sana. Alifurahi mpaka akakosa usingizi na hamu ya kula. Tukaletewa pia katibu, kijana kutoka pwani huko bahari ilipo, Mwislamu, mpole ajabu, aliyeogopa mtumbwi na kumwamkia kila aliyemzidi hata kwa msimu mmoja wa mvua. Katika mkutano wa kwanza alisema jambo moja la maana: katika ujamaa wetu, wasiojiweza wasisahauliwe. Akasema, akaketi. Kosa lake ni kwamba aliiacha sentensi ile mikononi mwetu bila mlinzi.

Kwani mzee wa kanisa alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula, na sentensi ilipomfikia aliipokea kama mtoto wake aliyepotea.

"Ndugu wananchi," alisema, akasimama kwa vidole vya miguu ili neno litoke juu. "Wasiojiweza tutawakumbuka namna gani? Kwa kugawa hovyo pale kambani? Anayefika anapewa, anayepita anapewa? Huko si kutoa, ndugu zangu. Huko ni kumwaga! Wakili mwaminifu hamwagi. Wakili mwaminifu anatunza, kisha anatoa kwa utaratibu."

Tukapiga makofi. Neno utaratibu lilikuwa jipya, na lilisikika kama kitu ambacho kijiji chenye maendeleo hakipaswi kukikosa.

Basi ikawa hivi: samaki wote kwenda stoo ya kijiji. Wanachama wa kikundi cha uvuvi wakapata fungu lao mlangoni pa stoo. Watoto yatima, wagonjwa, wajane na wengine wote wa kusaidiwa wakangoja Jumamosi, kamati ikae, iwatazame mmoja mmoja kama kweli hawajiwezi, halafu iwape. Kambani hapatolewi hata dagaa mmoja. Kufuli la stoo lilitoka Mbinga, kubwa kama kobe, na ufunguo wake mzee aliuvaa shingoni, pale ambapo wengine huvaa msalaba. Mjomba aliutazama mlango ule, akatema mate pembeni, akaipa stoo jina: Stoo ya Upendo. Jina likashika.

Wiki za usipa mambo yalikwenda, maana usipa ukishakauka una subira. Kisha wakaja magege, samaki wanono, wabichi, na magege hawana desturi ya kungoja kikao. Walioingia stoo mwanzo wa wiki, ilipofika Jumamosi hata mbwa walikuwa wanapita njia ya kule. Kamati ilikaa nje, upande unakotoka upepo. Ikafungua kwa sala, ikasifu umoja, ikawaita wasiojiweza kwa zamu, ikawapa upendo wao uliokwisha kuwa laini. Mama mmoja wa kutoka milimani, aliyekuwa hajazoea samaki, aliuliza kwa heshima kama hawa wanaliwa hivi hivi au wanapakwa kwenye ukuta.

"Anayepewa hachagui," mzee alimjibu, bila hasira, kama mchungaji.

Bibi yetu hakuwapo siku hiyo. Alikuwa amekwisha kualikwa, tena kwa heshima zote. Mzee wa kanisa alimfuata mwenyewe ufukweni, mbele yetu wote, tungali tumeshika kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, shika na wewe."

"Mgongo, mama, mgongo. Nimekuletea habari njema. Kamati imekuweka wa kwanza kabisa."

"Wa kwanza wa nini?"

"Wa wasiojiweza."

Bibi alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa. Hakuona mtu.

"Nani asiyejiweza?"

"Ni jina la utaratibu tu, mama, usilitie moyoni. Wewe Jumamosi unakuja, unaketi kwenye benchi, tunakupa."

"Kama ni jina tu, mpe mbuzi wako, hana jina." Tulicheka mpaka kamba ikalegea, na mjomba akatukaripia. Bibi yeye hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mimi siombi samaki. Mimi nashika kamba."

"Lakini mama, vidole viwili..."

"Nikiweka vitano wewe utaweka vingapi?"

Akaondoka mzee, akitikisa kichwa kwa ajili ya kizazi kigumu. Na kuanzia siku ile ikawa vita isiyo na kelele. Bibi alikuja kila alfajiri. Aliweka vidole vyake, alitusema kama kawaida, wavu ulitoka, samaki wakabebwa kwenda stoo mbele ya macho yake, na mjomba akaifuata kamba mikono mitupu, uso kaugeuzia Malawi, kama kuna mtu anamwita kutoka ng'ambo. Bibi aliiachia kamba, akajifuta vidole kwenye kaniki. "Haya, mawakili wa Bwana, tuonane kesho." Akaenda zake. Jumamosi benchi lilimngoja, asitokee.

Alikuwa anakula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Kisamvu kilipokuwa kigumu kwa jua, alikula kwa chumvi. Najua kwa sababu nilikuwa napita kwake nikitoka kisomo, na nilikuwa naona kaniki inavyozidi kumzunguka, fundo lake linahama kidogo kidogo kwenda nyuma, kana kwamba nguo inakua na mwenyewe anapungua. Mimi ni mtu wa kulia upesi. Hata kuku akichinjwa nalia, ingawa huwa nakula. Basi jioni moja nilitoa kwenye fungu la mama samaki mmoja mzuri, nikamficha chini ya kanga, nikampelekea.

Bibi alimtazama samaki, akanitazama mimi.

"Huyu ametoka kambani?"

"Ametoka kwangu, bibi."

"Wewe una ziwa?"

"Nimekuletea tu, bibi. Moyo umenituma."

"Kama ni wa wizi, utanifanya mwizi uzeeni, na mbio sina. Kama ni wa huruma..." Alimfunika samaki vizuri kwa ile kanga yangu, akanirudishia mikononi. "Huruma yako nzuri, mwanangu. Mpelekee paka."

Nililia njia nzima. Nyumbani nikamkaanga samaki yule, nikamla, alikuwa mtamu sana, nikalia tena.

Nikaona nimwendee mzee wa kanisa mwenyewe. Kichwani nilikuwa nimeshaiandaa kama taarifa ya habari, pumzi ya kwanza, sauti nzito. Nilimkuta barazani anasikiliza redio yake, ufunguo unang'aa kifuani.

"Shikamoo, mzee. Yule bibi wa matete anakonda."

"Marahaba. Tunajua, binti yangu. Kamati inasikitika sana. Katika kikao kilichopita tulisikitika mpaka giza likaingia."

"Basi si apewe pale kambani, kama zamani?"

"Leo nikimpa yeye kambani, kesho watakuja wote."

"Si walikuwa wanakuja wote, mzee?"

"Umeona? Ndiyo hovyo yenyewe niliyoisema." Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenye darasa la saba. "Upendo, binti yangu, ni lazima upite mlangoni. Ukipita dirishani ni uhuni."

Nikamshukuru kwa mafundisho.

Ikakaribia Jumapili ya mavuno. Padri alikuwa anakuja, na padri alikuwa haji mara nyingi. Mzee alitaka madhabahu ionekane kwamba hapa pana kijiji kinachojua kutoa. Akataka tuvue mara mbili asubuhi moja, kabla mwera haujaamka, maana upepo huo wa kusini ukishaanza kuvuma, ziwa linakuwa lake mwenyewe. Akaja kusimamia, suruali yake ya kanisani imepigwa pasi mpaka ukingo wake ungeweza kumenya muhogo.

Tulivuta. Ulikuwa mvuto wa nadra, wa kukumbukwa. Mbasa warefu wanameta, magege mapana kama sinia, wavu unachemka. Mzee alisema haleluya, akahesabu makapu kwa kidole. Vijana wakajitwika makapu ya kwanza kwenda stoo. Mjomba akapita mikono mitupu, macho Malawi, na sisi tukaachia mmoja mmoja kama tulivyozoezwa.

Bibi hakuachia.

Aliketi. Alinyoosha miguu mbele mchangani, akailaza kamba mapajani kama mjukuu, akaweka juu yake vidole vyake viwili.

Mjomba alisimama mbele yake. "Bibi, kamba."

"Ninayo."

"Tunarudi majini, bibi. Upepo unakuja."

"Nendeni. Mimi nawazuia nini? Mimi nimeshika tu, sijapewa bado."

Mjomba alirudi nyuma hatua moja. Mtu yule alikuwa amevuka ziwa kwenye mawimbi ya kuzamisha nyumba, lakini mbele ya vidole vile alivua kofia. Akamgeukia mzee wa kanisa. "Mwenyekiti, kamba imeshikwa."

"Basi ichukue!"

"Nimpokonye?"

"Huo ni ushirikina!" mzee alipaza sauti. "Tena karibu na sikukuu! Kamba ni kamba, ni mkonge, ilinunuliwa!"

"Kweli kabisa, mzee," mjomba alisema kwa unyenyekevu ambao sijapata kumwona nao tena. "Basi mpokonye wewe, wewe una imani zaidi."

Mzee alisogea. Alijikunja kidogo, akanyoosha mkono kuelekea kamba. Mkono ulifika katikati ya safari, ukasita, ukapanda kuweka sawa ukosi wa shati. Akasema mgongo wake umeanza. Akatazama ziwa, ambalo kusini lilikuwa limeanza kubadilika rangi.

Na hapo ndipo alipotokea Ndugu Katibu.

Alikuwa anakuja ufukweni, viatu mkononi, kutuona wananchi tukijitegemea. Alichokiona yeye, maskini, ni hiki: watu wazima wenye afya wamesimama mikono kiunoni, na kikongwe mmoja ameketi chini, anavuta kamba ya wavu peke yake. Uso ulimbadilika. Alitupa viatu, akakimbia.

"Shikamoo, bibi! Ndugu zangu, hamwoni aibu? Bibi peke yake!" Akaikamata kamba kwa mikono yote miwili, akajizungushia hata kiganjani.

Kisha kutoka nyuma mtu mmoja akaanza kucheka puani.

"Ndugu Katibu," mjomba alisema polepole, "umeshika?"

"Nimeshika! Na siachii mpaka mje!"

Nilidhani kijiji kitakufa. Watu walilala mchangani. Mama mmoja alimwangukia mwenzake na kapu lake. Bibi peke yake ndiye aliyebaki na adabu. Alipapasa mchanga pembeni yake.

"Keti, mwanangu. Hapo hapo. Sasa wewe na mimi ni kitu kimoja, mpaka tupewe samaki."

Ikabidi aelezwe. Tulimweleza wote pamoja, kwa hiyo alichukua muda kuelewa: kamba, mkono, kapu, stoo, Jumamosi, benchi, kufuli. Kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kukaa chini vizuri. Mwishoni alimtazama mwenyekiti.

"Lakini mzee wangu, mimi nilisema wasiojiweza wasisahauliwe."

"Hatukuwasahau, Ndugu Katibu!"

"Kweli," mjomba alidakia. "Tuliwafungia stoo."

Katibu hakutoa amri. Nilikuwa namngojea aseme kwa jina la serikali, kama wanavyosema redioni, nami niige baadaye. Hakusema. Alivuta soksi zake mfukoni, akazitandika mchangani azikalie vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Na mke wangu leo hana mboga. Tungoje."

Mimi miguu ilinipeleka yenyewe. Nilirudi kambani, nikashika karibu na bibi. Halafu yule mama wa milimani akaja, yeye aliyeambiwa hachagui, mtoto mgongoni, akauliza, "Hapa?" akashika. Wakaja wengine. Waliokwisha kuachia wakashika upya, vijana waliotoka stoo wakatua makapu matupu wakashika, kamba ikajaa mikono kuanzia mchangani mpaka majini, na mjomba, nahodha, aliyekuwa na kazi ya kutuambia tuache, akaja akashika mwisho kabisa, bila kumtazama mtu.

Mzee wa kanisa akabaki peke yake upande wa pili, na ufunguo. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Nimesema mimi ni mtu wa kulia upesi. Mtu aliyejiandaa maisha yake yote kutoa, na leo kijiji kizima kimemnyooshea mkono, na padri yuko njiani, na mwera unapiga miluzi.

"Kamati..." alianza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anayehesabu kura za shakwe. "Kamati imekaa."

"Imekaa wapi?" bibi aliuliza.

"Hapa hapa, mama. Imekaa sasa hivi."

"Basi isimame ilete samaki."

Likaja kapu. Na kwa kuwa mjomba mikono yake ilikuwa na kazi, ikabidi mwenyekiti alibebe mwenyewe, alifuate kamba, mkono hadi mkono, ukingo wa suruali ukinyonya maji. Alianza na bibi. Alichagua samaki mdogo wa juu, akampa kwa tabasamu la sikukuu. Bibi alimpokea, akamgeuza tumbo, akamgeuza mgongo, akamweka mapajani. Mkono wa pili ukabaki kwenye kamba.

"Mama, nimeshakupa!"

"Nimeona. Huyu ni wa jana niliyoshika. Sasa nipe wa leo."

Mzee alifumba macho. Nafikiri alisali. Alipofumbua aliingiza mkono chini kabisa ya kapu, akatoka na gege, na lilikuwa gege hasa, pana, zito, mkia bado unapiga. Alimweka mikononi mwa bibi, na nitamtendea haki: alimweka, hakumtupa. Bibi akaiachia kamba.

Katibu alimpokea wake akamshika mkia kwa ncha za vidole, mbali na shati, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mamba. Kisha mimi. Kisha yule mama wa milimani, aliyemtazama samaki akiruka na kuniuliza kwa mnong'ono kama ndivyo huwa wanakuwa tangu mwanzo.

Mvuto wa pili haukufanyika, upepo uliwahi. Jumapili mzee alihubiri jinsi kamati, ikisukumwa na upendo, ilivyoona vema kurudisha mema ya wazee wetu, wanachama wakabaki na fungu lao na wa kambani wakapewa kambani. Tukaitikia amina, na ya bibi ilisikika kuliko zote. Stoo ikabaki na usipa, ambao una subira.

Lakini mchana ule ule wa kamba nilipita kwa bibi na kuni kidogo, kwa kisingizio tu, nione kama anakula kweli. Moshi ulikuwa unatoka. Alikuwa amemkata gege wake vipande: kimoja kimefunikwa kwenye bakuli cha kumpelekea yule mama mwenye mtoto, kimoja kwenye sahani, na kichwa kimebaki chunguni. Sahani akaisukuma mbele yangu.

"Bibi, mimi nimepata wangu. Yuko nyumbani."

"Nimekuuliza?"

"Lakini siku zote hizi hujala mboga ya maana. Kula wewe."

"Siku zote hizi hakuna mtu aliyekula kwangu," alisema, akijimegea ugali. "Nani angekuja kula chumvi? Kaa chini. Nawa. Na usinitolee macho hayo, wewe si kamati."

Nikanawa. Nikakaa. Alinitazama mpaka nikaweka tonge la kwanza mdomoni, kipande cha tumbo, chenye mafuta.

"Chumvi imekolea?"

Ilikuwa imezidi mno. Nadhani mkono wake ulikuwa umezoea kutia chumvi iliyo mboga yenyewe.

"Imekolea, bibi," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua tena.